Hangul Kwanza: Kikorea cha Kuanzia kwa Wakazi wa Arusha na Meru

Kikorea huandikwa kwa Hangul, herufi zilizobuniwa na Mfalme Sejong mwaka 1443 na kutangazwa rasmi mwaka 1446. Herufi za msingi ni 24: konsonanti 14 na irabu 10. Mtu mzima anayetenga saa moja kila jioni huweza kuzisoma zote ndani ya wiki mbili. Hata hivyo, hakuna hatua inayorukwa zaidi kuliko hii. Waongoza watalii na wapagazi wanaopandisha wageni Mlima Meru kutoka lango la Momella, wauza vinyago wa mjini na vijana wanaotamani vyuo vya Seoul huanza na karatasi ya maneno yaliyoandikwa kwa herufi za Kilatini, wakaikariri. Miezi ikipita hulalamika kwamba ada wamelipa na Mkorea bado haelewi wanachosema. Kosa linaanzia kwenye karatasi hiyo.

Herufi za Kilatini hazina nafasi ya sauti zote za Kikorea. 불 ni moto, 풀 ni nyasi, 뿔 ni pembe. Tofauti ya maneno hayo matatu iko kwenye konsonanti ya kwanza tu: ya kwanza ni nyepesi, ya pili hutoka na pumzi, ya tatu hukazwa bila pumzi. Kimvita cha Mombasa kinaijua tofauti ya pumzi, kwani paa mnyama hutamkwa kwa pumzi na paa la nyumba bila pumzi, lakini msemaji wa Kiswahili cha bara hajaizoea. Kwa Kilatini maneno yale huandikwa bul, pul na ppul, na msomaji wa Arusha huyatamka kwa b na p zake za kila siku. Irabu nazo ni mtego. Kiswahili kina irabu tano. Kikorea kina 어, ambayo Kilatini huiandika eo, na 으, inayoandikwa eu, na kila moja ni sauti moja, si mbili. Kanuni zenyewe za Kilatini hubadilika: hadi mwaka 2000 jiji la 부산 liliandikwa Pusan, na sasa huandikwa Busan, ilhali kwa Hangul jina ni lile lile. Anayejifunza asikubali daftari wala kitabu kisicho na Hangul. Mwalimu anayesema herufi zitakuja baadaye anampotezea mwanafunzi fedha na muda.

Herufi hupangwa kwa mafungu, kila fungu silabi moja. 산, yaani mlima, ni ㅅ, ㅏ na ㄴ zilizobanwa pamoja. Alama ㅇ ikianza fungu haina sauti. Ikilifunga hutamkwa kama ng' ya ng'ombe, kwa mfano 강, mto. Hapa msemaji wa Kiswahili ajihadhari. Ulimi wake umezoea kumalizia neno kwa irabu, kwa hiyo 산 huwa “sani” na 밥, wali, huwa “pabu”. Irabu hiyo ya nyongeza huzaa neno jingine: 곰 ni dubu, 고무 ni mpira, ile malighafi. Midomo ifungwe, na sauti ikatike hapo hapo.

Kitenzi cha Kikorea hukaa mwisho wa sentensi, nacho hakina ni-, u- wala a- ya mtendaji: 가요 huweza kuwa naenda, unaenda au anaenda. Wakati uliopita ni 갔어요. Kukanusha ni 안 가요. Kazi ya nomino huonyeshwa na viambishi vinavyobandikwa mwishoni mwake: 는 au 은 kwa mada, 가 au 이 kwa mtenda, 를 au 을 kwa mtendwa. Cha kwanza katika kila jozi hufuata irabu, cha pili hufuata konsonanti. Hivyo 물을 마셔요, nakunywa maji, na 머리가 아파요, kichwa kinauma, sentensi ambayo kila anayepeleka wageni kwenye kibanda cha Miriakamba mlimani Meru na juu zaidi anapaswa kuitambua mara moja. Kiambishi 에 hufanana na -ni ya mahali: 산에 가요, naenda mlimani. Kazi ikitendekea mahali hapo hutumika 에서: 아루샤에서 일해요, nafanya kazi Arusha. Umilikaji huenda kinyume na Kiswahili. Wimbo wa Cho Yong-pil wa mwaka 1985, unaojulikana sana Korea, unaitwa 킬리만자로의 표범: Kilimanjaro kwanza, 의 inayofanya kazi ya -a, kisha chui.

Heshima ni sehemu ya sarufi. Aliyejifunza kwa tamthilia hukariri 밥 먹었어?, umekula?, ambalo ni la rafiki kwa rafiki. Mgeni wa rika la baba huulizwa 식사하셨어요?, na maji hukaribishwa kwa 물 드세요. Anayeanza amalizie kila kitenzi kwa 요 na asiiache hata akizoeana na mtu.

Hesabu ziko za aina mbili. Urefu wa Mlima Meru, mita 4,562, husomwa kwa tarakimu zenye asili ya Kichina: 사천오백육십이. Saa husomwa kwa tarakimu za Kikorea asilia, dakika kwa zile za Kichina: 일곱 시 삼십 분. Hiyo ni saa moja na nusu asubuhi, si saa saba na nusu, kwa kuwa Wakorea huhesabu kuanzia usiku wa manane na adhuhuri. Safari ya kileleni ya saa nane usiku ni 새벽 두 시. Akiambiwa 여덟 시, mgeni ataamka jua likiwa limeshachomoza.

Maneno ya kwanza yawe ya kazi: 천천히, polepole, 위험해요, ni hatari, 얼마예요?, bei gani? Yaandikwe kwa Hangul kwa mkono na kusomwa kwa sauti. Ikilazimu kuandika matamshi ya Kilatini pembeni, yafutwe wiki hiyo hiyo.

Mtihani unaotambuliwa ni TOPIK. Ngazi ya 1 na ya 2 hupimwa kwa kusikiliza na kusoma, kwa Hangul tupu: alama 80 kati ya 200 hutoa ngazi ya 1, alama 140 ngazi ya 2. Wanaopata ufadhili wa shahada wa serikali ya Korea kwa kawaida husoma lugha mwaka mmoja na kutakiwa kufika ngazi ya 3. Cheti cha darasani si TOPIK, wala hakimpi mtu viza au kazi. Mpango wa vibali vya ajira wa Korea, ulioanza mwaka 2004, huchukua watu wa nchi zilizotia saini makubaliano na serikali yake tu, na una mtihani wake wa lugha. Cheti cha TOPIK hudumu miaka miwili tangu matokeo yatangazwe.