Maswali ya ofisa benki: Hesabu anazotahiniwa ndizo atakazompigia mkopaji

Kijana wa Mbinga aliyemaliza chuo cha biashara na kuomba kazi ya uofisa katika benki, mara nyingi huitwa kwanza kufanya mtihani wa kupima uwezo. Mzazi wake anayekwenda benki hiyo hiyo kuomba mkopo wa msimu wa kahawa haitwi kwenye mtihani wowote. Yeye huonyeshwa mahali pa kutia saini.

Hapo ndipo ilipo tofauti kati ya watu hao wawili wanaokaa pande mbili za meza moja. Maswali anayoulizwa ofisa kabla ya kuajiriwa ndiyo hesabu atakazompigia mkopaji baadaye. Mfanyabiashara anayeyaweza hujua anachosaini. Asiyeyaweza hulipia somo hilo kwa fedha zake.

Mtihani wenyewe si wa kukariri vitabu. Hupima wepesi wa hesabu, uangalifu wa kusoma, na uwezo wa kutoa hitimisho sahihi kutokana na maelezo machache. Muda huwa mfupi, hivyo anayeshinda si yule mwenye hesabu ngumu kichwani bali yule asiyenaswa na mtego.

Yafuatayo ni maswali 7 ya mazoezi yaliyotungwa kwa mfano wa biashara za Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa. Bei zote ni za mfano tu, zisichukuliwe kuwa bei za soko. Msomaji achukue kalamu, afunike jibu, kisha ajaribu.

SWALI LA 1: Bei kupanda na kushuka

Debe la dagaa wa Nyasa linauzwa sh. 50,000. Bei inapanda kwa asilimia 20, kisha inashuka kwa asilimia 20. Sasa debe ni sh. ngapi?

Jibu: Sh. 48,000. Asilimia 20 ya kwanza ni ya sh. 50,000, yaani sh. 10,000, na bei inakuwa sh. 60,000. Asilimia 20 ya pili ni ya sh. 60,000, yaani sh. 12,000.

Mchuuzi mwenye madebe 30 stoo anayeambiwa kuwa "bei imerudi pale pale" amekwisha poteza sh. 60,000. Kila anapotajiwa asilimia, swali la kwanza liwe: asilimia ya nini?

SWALI LA 2: Faida ni asilimia ngapi?

Mfanyabiashara wa Mbamba Bay ananunua gunia la dagaa na kulifikisha Songea kwa jumla ya sh. 80,000. Analiuza sh. 100,000. Faida yake ni asilimia 25 au asilimia 20?

Jibu: Yote mawili ni sahihi. Faida ya sh. 20,000 ni asilimia 25 ya gharama, lakini ni asilimia 20 ya mauzo.

Hatari ni kuchanganya. Tuseme mfanyabiashara huyo anauza kwa sh. 3,000,000 kwa mwezi. Akichukua asilimia 25 ya mauzo atadhani anapata faida ya sh. 750,000. Faida halisi ni sh. 600,000. Akiahidi benki marejesho kwa kutegemea hesabu ya kwanza, kila mwezi atapungukiwa na sh. 150,000, na pengo hilo litazibwa kwa mtaji. Ofisa makini huuliza daftari la mauzo na la manunuzi kwa sababu hiyo hiyo.

SWALI LA 3: Wastani

Lori linapanda na shehena kutoka ziwani kuelekea Mbinga, umbali wa kilomita 60, kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa. Linarudi tupu njia ile ile kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa. Mwendo wake wa wastani kwa safari nzima ni upi?

Jibu: Kilomita 48 kwa saa, si 50. Kupanda kumechukua saa moja na nusu, kushuka saa moja. Ni kilomita 120 kwa saa mbili na nusu.

Mtego huo huo humkamata mnunuzi wa kahawa. Ametumia sh. 6,000,000 kununua kwa sh. 5,000 kilo, kisha sh. 6,000,000 nyingine kwa sh. 7,500 kilo. Wengi husema wastani ni sh. 6,250. Lakini fungu la kwanza lilimpa kilo 1,200 na la pili kilo 800. Jumla ni kilo 2,000 kwa sh. 12,000,000, yaani sh. 6,000 kwa kilo. Akipata mteja wa sh. 6,200 na kumkataa akidhani ni hasara, amefukuza faida ya sh. 400,000.

SWALI LA 4: Kuuza leo au kungoja

Mkulima ana kilo 600 za kahawa iliyooshwa na kukaushwa, ikiwa bado na ganda lake la ndani. Mnunuzi wa kwanza anatoa sh. 6,000 kwa kilo, fedha mkononi. Akingoja miezi miwili kahawa ikobolewe na kuuzwa, atapata sh. 8,000 kwa kilo ya kahawa safi, akatwe sh. 300 kwa kilo kwa ajili ya kukoboa na usafiri. Kahawa safi ni asilimia 80 ya uzito wa mwanzo. Njia ipi ina faida?

Jibu: Kuuza leo kunampa sh. 3,600,000. Kungoja kunampa kilo 480 kwa sh. 7,700, yaani sh. 3,696,000. Kungoja kunazidi kwa sh. 96,000.

Lakini mtihani huongeza sentensi moja: mkulima ana ada ya shule ya kulipa, na ili angoje inambidi akope sh. 1,000,000 mtaani kwa riba ya asilimia 5 kwa mwezi. Miezi miwili ni sh. 100,000. Faida yote ya kungoja imekwenda, na sh. 4,000 juu yake. Aliyekuwa na akiba ya ada tangu msimu uliopita amepata sh. 96,000 kwa kungoja tu.

Hapa imepimwa hesabu peke yake. Taratibu za kisheria za ununuzi wa kahawa ni somo jingine.

SWALI LA 5: Riba mbili zenye jina moja

Mkopo ni sh. 1,200,000 wa miezi 12. Taasisi mbili zote zinatangaza riba ya asilimia 2 kwa mwezi. Ya kwanza inatoza riba juu ya mkopo wote hadi mwisho. Ya pili inatoza riba juu ya deni lililobaki, na mkopaji anapunguza deni kwa sh. 100,000 kila mwezi. Tofauti ni kiasi gani?

Jibu: Taasisi ya kwanza inatoza sh. 24,000 kila mwezi kwa miezi 12, jumla sh. 288,000. Kwa taasisi ya pili, riba ya mwezi wa kwanza ni sh. 24,000, wa pili sh. 22,000, wa tatu sh. 20,000, hadi sh. 2,000 mwezi wa mwisho. Jumla yake ni sh. 156,000. Tofauti ni sh. 132,000.

Sababu yake ni rahisi. Katika taasisi ya kwanza, mkopaji aliyekwisha rudisha nusu ya fedha bado analipa riba kama vile anazo zote. Asilimia 2 ya namna hiyo ni sawa na karibu asilimia 3 na nusu kwa mwezi ikihesabiwa juu ya deni lililobaki.

Hili ndilo swali ambalo mkopaji hapaswi kuondoka mezani bila kuliuliza. Asiridhike na kutajiwa asilimia. Aombe kuandikiwa jumla ya shilingi atakazolipa hadi mwisho, pamoja na ada za fomu, bima na nyinginezo.

SWALI LA 6: Hitimisho

Wanachama wote wa chama fulani cha ushirika wana mashamba ya kahawa. Baadhi ya wenye mashamba ya kahawa wamechelewa kulipa mikopo. Je, ni lazima kuwa baadhi ya wanachama wa chama hicho wamechelewa?

Jibu: Hapana. Inawezekana wote waliochelewa wako nje ya chama hicho. Maelezo hayatoshi kusema.

Ofisa anayekosea swali hili atamnyima mkopo mlipaji mzuri kwa makosa ya jirani yake. Mwekezaji anayelikosea atauza hisa za kampuni nzuri kwa sababu kampuni nyingine ya aina hiyo imeyumba. Aidha, atanunua hisa mbovu kwa sababu nyingine imepanda.

SWALI LA 7: Benki yenyewe

Benki ndogo ina amana za wateja sh. milioni 900 na mtaji wa wenye hisa sh. milioni 100. Imekopesha sh. milioni 800 na kubaki na taslimu sh. milioni 200. Asilimia 15 ya mikopo haikulipwa na haitalipwa. Hali ya benki ikoje?

Jibu: Hasara ni sh. milioni 120. Mtaji wa sh. milioni 100 umemezwa wote. Mali iliyobaki ni sh. milioni 880, wakati wateja wanadai sh. milioni 900. Wadaiwa 85 katika kila 100 wenye mikopo ya kulingana wamelipa vizuri, na hata hivyo benki haina tena uwezo wa kumlipa kila mtu.

Kwa watu wa Mbinga swali hili si la darasani. Mei 2017 Benki Kuu ya Tanzania ilifuta leseni ya Mbinga Community Bank, iliyokuwa na makao yake mjini hapo, kwa upungufu wa ukwasi na mtaji. Bodi ya Bima ya Amana iliteuliwa kuwa mfilisi. Januari 2018 Benki Kuu ilifunga benki nyingine 5, ikiwemo Njombe Community Bank ya mkoa jirani.

Wakati huo kiwango cha juu cha fidia ya bima ya amana kilikuwa sh. 1,500,000 kwa mteja. Mwenye akiba ya sh. 6,000,000 katika benki iliyofungwa alikuwa na haki ya kulipwa robo tu kutoka katika bima. Sh. 4,500,000 zilizosalia zilibidi zingoje mfilisi akusanye madeni na kuuza mali. Kwa mkulima, hizo zinaweza kuwa mbolea, ada na mtaji wa msimu mzima.

Kiwango hicho kimekwisha pandishwa hadi sh. 7,500,000, hivyo akiba kama hiyo sasa inalindwa yote. Lakini mwenye sh. 10,000,000 katika benki moja ana sh. 2,500,000 zilizo nje ya bima. Akizigawa sh. 5,000,000 kwa 5,000,000 katika benki mbili, zote ziko ndani. Mwenye hisa asijichanganye na mwenye amana: bima hii haimhusu, na benki ikifilisiwa yeye hulipwa wa mwisho, kama kimebaki kitu.

Kwa hiyo kabla ya kununua hisa za benki au kuweka akiba kubwa, msomaji atazame mambo matatu katika hesabu zake zilizochapishwa: mtaji ni kiasi gani ukilinganisha na mikopo, mikopo isiyolipika ni asilimia ngapi, na taslimu iliyopo inatosha kiasi gani wateja wakija kwa pamoja. Mabenki hutakiwa kutoa hesabu hizo kwa umma, na kuzisoma hakuhitaji zaidi ya asilimia zilizofanywa hapo juu.

ZOEZI LA NYUMBANI

1. Mfululizo 3, 6, 11, 18, 27 unafuatiwa na namba gani?

2. Bei ya kahawa imeshuka kwa asilimia 20. Ipande kwa asilimia ngapi ili irudi ilipokuwa?

3. Mkopo wa sh. 600,000 kwa miezi 6, riba asilimia 3 kwa mwezi, deni likipungua kwa sh. 100,000 kila mwezi. Riba ni kiasi gani ikitozwa juu ya mkopo wote, na kiasi gani ikitozwa juu ya deni lililobaki?

Majibu: (1) 38, kwa kuwa nyongeza ni 3, 5, 7, 9, kisha 11. (2) Asilimia 25. (3) Sh. 108,000 na sh. 63,000.

Mzazi mwenye kijana anayejiandaa kwa mtihani wa benki afanye naye maswali haya jioni, kila mmoja na karatasi yake. Kijana akipita atapata kazi. Mzazi akipita, atajua la kuuliza kabla ya kutia saini.