Maharage Yanayostahimili Bakteria: Mambo ya Kuzingatia kwa Mlaji na Mpanzi

Watumiaji wengi hudhani kwamba maharage yaliyopatikana kwa utafiti wa vinasaba lazima yawe yamebadilishwa jeni maabara. Sivyo ilivyo kwa maharage yanayostahimili bakteria aina ya Xanthomonas, ambao huunguza majani, hutia mabaka kwenye maganda na kunyausha punje. Bakteria hao hawamwambukizi binadamu. Madhara yake ni kwa mavuno, na kwa hiyo kwa bei sokoni.

Sehemu kubwa ya kinga hiyo imetokana na maharage ya tepari, jamaa wa maharage yetu anayestahimili ukame wa kaskazini mwa Meksiko na kusini-magharibi mwa Marekani. Watafiti hupandikiza chavua ya jamii moja kwenye ua la jamii nyingine. Kwa kuwa kijusi cha mbegu ya mchanganyiko huo mara nyingi hufa mapema, hulazimika kukitoa na kukilea maabara. Kisha hutumia alama za vinasaba, kama ile iitwayo SU91, kutambua miche iliyorithi kinga. Alama hupima tu. Haiongezi kitu ndani ya mmea. Hata hivyo, mche wenye alama unaweza kuugua, ndiyo maana majaribio ya shambani hayaepukiki. Tena, alama nyingine, BC420, hurithiwa pamoja na rangi nyeusi ya punje, jambo ambalo mnunuzi wa maharage mekundu hatalipokea kwa furaha.

Maharage yaliyobadilishwa jeni yapo: Brazili iliyaidhinisha mwaka 2011. Lakini hayo yalilenga ugonjwa wa virusi, si bakteria.

Kwa anayepanda, tunasisitiza kwamba bakteria hawa husafiri ndani ya mbegu, na punje inayoonekana safi inaweza kuwabeba. Maharage ya gengeni yanafaa kwa sufuria kuliko kwa shamba. Nunua mbegu yenye lebo ya TOSCI, taasisi inayodhibiti ubora wa mbegu Tanzania.

Kwa anayekula, hatari iliyo kubwa zaidi ni nyingine kabisa. Mbegu nyingi za dukani hupakwa dawa na kutiwa rangi kali. Mbegu hizo zisipikwe wala kulishwa kuku, hata zikioshwa mara nyingi. Ukikuta punje za rangi hiyo zimechanganywa na maharage ya kula, usiyatumie; yarudishe kwa muuzaji na utoe taarifa kwa afisa afya wa eneo lako.