Kutengeneza Chembe za Nano za Dhahabu kwa Majani ya Mwarobaini

Mwarobaini unaweza kuigeuza chumvi ya dhahabu kuwa chembe ndogo mno, za kupimwa kwa nanomita. Watafiti wa Pune, India, walichapisha kazi kama hiyo mwaka 2004. Ifanye maabara tu, ukiwa na glavu, miwani ya kinga na msimamizi.

Anza na vyombo: masalia ya sabuni au metali yakibaki kwenye glasi, yataharibu kazi nzima. Suuza kwa maji yaliyokenekwa.

Pima haraka miligramu 39.4 za fuwele za asidi ya kloroauriki, ndiyo chumvi ya dhahabu, maana hunyonya unyevu wa hewa, kisha ziyeyushe katika mililita 100 za maji hayo. Tumia kijiko cha plastiki. Cha chuma kitaanza kuitoa dhahabu papo hapo.

Chemsha gramu 10 za majani yaliyooshwa na kukatwakatwa katika mililita 100 za maji kwa dakika 10. Yakipoa, chuja.

Sasa tia sehemu moja ya maji ya majani kwenye sehemu tisa za maji ya dhahabu, huku ukikoroga. Usibanduke. Umanjano utafifia, kisha itajitokeza rangi ya zambarau au nyekundu ya rubi. Polifenoli na viambato vingine vya jani hutoa elektroni kwa ayoni za dhahabu, halafu huzivika chembe zisigandane. Ukiona bluu au kijivu, zimeshikana. Rudia kwa kubadili kiasi cha maji ya majani. Kwenye spektrofotometa, tafuta kilele kati ya nanomita 520 na 560.

Zungusha mchanganyiko kwenye sentrifuji, mwaga maji ya juu, ongeza maji safi, rudia mara mbili. Wengi huiruka hatua hii, na hapo ndipo matokeo ya kupima kama chembe zinaua bakteria yanapopotosha, kwa sababu mwarobaini wenyewe huua bakteria, na ayoni za dhahabu zilizobaki pia.

Kwa hiyo, unapopima dhidi ya *E. coli* na *Staphylococcus aureus*, weka kando kwa kando chembe zilizosafishwa, maji ya majani peke yake, chumvi ya dhahabu peke yake, maji matupu na antibayotiki. Chembe husambaa kwa shida ndani ya agari, hivyo usitegemee pekee duara lisilo na bakteria kwenye sahani. Pima pia kwenye mchuzi wa kukuzia bakteria, ukipunguza kiwango cha kila unachopima hatua kwa hatua.

Chembe za dhahabu peke yake mara nyingi huonyesha nguvu ndogo. Ukipata hivyo, andika hivyo hivyo, na usimpe mtu yeyote anywe.