Saini Peke Yake Haitoshi: Jinsi Nchi Inavyojiunga na Mkataba wa Roma

Tarehe 15 Machi 2005 hati ya Kenya ya kuridhia Mkataba wa Roma ilipokelewa Umoja wa Mataifa, New York. Hesabu siku 60 kutoka hapo, utaangukia 14 Mei. Kisha nenda siku ya kwanza ya mwezi unaofuata: 1 Juni 2005. Kuanzia siku hiyo Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ile ambayo wengi tunaiita ICC au "Hague" tu, ilipata mamlaka juu ya makosa mazito yanayotendwa katika ardhi ya Kenya. Miaka miwili na nusu baadaye uchaguzi ukaharibika, watu zaidi ya 1,000 wakauawa na mamia ya maelfu wakayakimbia makazi yao. Majaji walipoidhinisha uchunguzi, 31 Machi 2010, waliuwekea mwanzo wake: 1 Juni 2005. Ya kabla ya hapo hayakuingia.

Nimeanza na hesabu hiyo kwa makusudi. Mambo ya mikataba huonekana ni ya mabalozi na karatasi zao, lakini tarehe moja kwenye karatasi ndiyo inayoamua mjane yupi ana mlango wa kubisha na yupi hana.

Mkataba wenyewe, ulioiunda Mahakama hiyo, ulipitishwa Roma tarehe 17 Julai 1998 kwa kura 120 za ndiyo, 7 za hapana, na nchi 21 hazikuegemea upande wowote. Makosa yanayohusika ni manne: mauaji ya kimbari, uhalifu dhidi ya binadamu, uhalifu wa kivita, na uchokozi wa nchi moja kuishambulia nyingine. Hilo la nne lilipata tafsiri yake baadaye, kwenye mkutano wa Kampala mwaka 2010.

Hatua ya kwanza ilikuwa saini. Muda wa kutia saini ulikwisha 31 Desemba 2000, na Tanzania ilisaini siku mbili tu kabla. Lakini saini ni posa, bado si ndoa. Nchi iliyosaini inatakiwa isifanye jambo la kuharibu lengo la mkataba, ila haijawa mwanachama. Oman ilisaini mwaka 2000 na haijaridhia. Marekani ilisaini siku ya mwisho kabisa, kisha mwaka 2002 ikaandika barua kwamba haina nia ya kuendelea.

Ndoa ni kuridhia, na kila nchi ina utaratibu wake wa nyumbani. Tanzania, Ibara ya 63 ya Katiba inalipa Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba inayohitaji kuridhiwa. Kenya ina sheria maalumu ya mwaka 2012 kuhusu kufanya na kuridhia mikataba: suala hupita Baraza la Mawaziri, kisha Bunge la Taifa, na wananchi lazima wapewe nafasi ya kutoa maoni.

Bunge likishakubali, watu wengi hudhani kazi imekwisha. Hapo ndipo panapohitaji macho. Lazima iandikwe hati fupi inayotamka kwamba serikali imeupitia mkataba na inajifunga kuutekeleza, iwekwe saini ya mkuu wa nchi, mkuu wa serikali au waziri wa mambo ya nje, kisha ifikishwe kwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Kura ya bungeni isiyofuatwa na hati hiyo haimfungi mtu. Hati ikipokelewa, ndipo zile siku 60 zinaanza kuhesabiwa. Ya Tanzania ilipokelewa 20 Agosti 2002, na mkataba ukaanza kuifunga 1 Novemba. Nchi ambayo haikuwahi kusaini hupeleka hati ya kujiunga, na uzito wake ni uleule. Wala hakuna kuchagua vifungu: Ibara ya 120 inakataza masharti ya pembeni. Unauchukua wote au unauacha.

Mkataba wenyewe ulihitaji nchi 60 ili uanze kufanya kazi. Idadi hiyo ilivukwa 11 Aprili 2002, siku ambayo nchi kumi ziliwasilisha hati zao pamoja, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ikiwa mojawapo. Ukaanza 1 Julai 2002. Ukraine, iliyoingia 1 Januari 2025, ilikuwa mwanachama wa 125.

Ipo pia njia ya pembeni: nchi isiyo mwanachama inaweza kutoa tamko la kukubali mamlaka ya Mahakama. Côte d'Ivoire ilifanya hivyo mwaka 2003 na kuridhia miaka kumi baadaye. Na Baraza la Usalama linaweza kupeleka suala lenyewe, kama lilivyofanya kwa Darfur mwaka 2005 na Libya mwaka 2011.

Baada ya kuridhia inakuja kazi ambayo haipigiwi tarumbeta: sheria ya nyumbani. Hati ya kukamata mtu ikitoka Hague, askari wa uwanja wa ndege ataitekeleza kwa kifungu gani? Mali izuiwe kwa amri ya nani? Ibara ya 88 inaitaka kila nchi mwanachama iwe na taratibu hizo tayari. Kenya ilitunga Sheria ya Makosa ya Kimataifa mwaka 2008, Uganda ikatunga yake mwaka 2010. Kuchelewa kuna gharama. Thomas Kwoyelo, kamanda wa waasi wa LRA, alikamatwa mwaka 2009 kwa matendo yaliyoanza miaka ya 1990. Sheria ya 2010 haikuweza kurudi nyuma, hivyo waendesha mashtaka walilazimika kutumia sheria nyingine. Kesi ikaburutwa hadi Oktoba 2024, alipohukumiwa miaka 40 na kitengo cha makosa ya kimataifa cha Mahakama Kuu ya Uganda. Hata hivyo naihesabu kuwa hatua kubwa, kwa sababu mkataba unataka hivyo hasa: kesi isikilizwe nyumbani kwanza, na Hague iingie pale nchi inaposhindwa au isipotaka.

Mahakama haina polisi hata mmoja. Inategemea nchi wanachama kwa kila kitu, na hapo ndipo uanachama unapopimwa. Agosti 2010, Kenya ilipozindua Katiba mpya, Rais Omar al-Bashir wa Sudan alikuwa mgeni Nairobi huku hati ya Mahakama ya kumkamata ikiwa imeshatolewa. Alirudi kwao salama. Novemba 2011 Mahakama Kuu ya Kenya ikaamuru kwamba akikanyaga tena akamatwe. Kwa upande mwingine, Machi 2013 Bosco Ntaganda, kamanda wa waasi wa Kongo aliyekuwa akitafutwa na Mahakama, aliingia mwenyewe ubalozi wa Marekani mjini Kigali akiomba apelekwe Hague. Wala Rwanda wala Marekani si wanachama, lakini alifika, akashtakiwa, na leo anatumikia kifungo cha miaka 30. Kwangu mimi mifano hiyo miwili inaonyesha kwamba uanachama ni ahadi, na ahadi inahitaji mtu wa kuidai.

Msaada mwingine hauonekani kwenye picha za habari. Nchi hulipa michango ya kila mwaka kwa kiwango kinachofuata uwezo wa uchumi wao. Hupokea mashahidi wasioweza tena kuishi kwao. Hutoa magereza: Ntaganda yuko Ubelgiji, Dominic Ongwen, kamanda mwingine wa LRA, yuko Norway. Na huchangia Mfuko wa Waathirika. Baada ya kesi ya Germain Katanga, kamanda wa waasi wa Kongo, kuhusu shambulio la kijiji cha Bogoro, Ituri, tarehe 24 Februari 2003, majaji waliamuru mwaka 2017 kwamba waathirika 297 wapewe kila mmoja dola 250 kama ishara ya fidia, pamoja na msaada wa makazi, elimu, shughuli za kipato na ushauri wa kisaikolojia. Katanga hakuwa na kitu cha kulipa. Fedha ilibidi zitoke kwenye mfuko huo, nao unaishi kwa hiari ya nchi.

Kutoka pia kuna utaratibu. Nchi huandika barua kwa Katibu Mkuu, kisha husubiri mwaka mzima. Burundi iliandika 27 Oktoba 2016 na kutoka 27 Oktoba 2017. Siku mbili kabla ya kutoka, majaji waliidhinisha uchunguzi wa makosa yaliyotendwa kuanzia Aprili 2015 hadi 26 Oktoba 2017. Mlango ulifungwa, lakini yaliyotendwa nchi ikiwa mwanachama yalibaki chini ya mamlaka ya Mahakama. Afrika Kusini nayo iliandika mwaka 2016, lakini mahakama ya Pretoria ikasema serikali haikuwa na mamlaka ya kujitoa bila Bunge, na barua ikafutwa.

Mwananchi anaweza kufuatilia haya bila kuwa mwanasheria. Kwenye tovuti ya mikataba ya Umoja wa Mataifa, Sura ya XVIII, mkataba namba 10, kuna jedwali la kila nchi na tarehe zake za kusaini na kuridhia. Mbunge wako muulize mambo mahususi: sheria ya kutekeleza mkataba ipo? Michango imelipwa? Majaji wa Mahakama ni 18, sita huchaguliwa kila baada ya miaka mitatu. Nchi yetu ilimpendekeza nani?

Na kama wewe au jirani yako mliona au mlitendewa mojawapo ya makosa yale manne, mtu yeyote anaruhusiwa kuiandikia Ofisi ya Mwendesha Mashtaka, bila wakili na bila ada. Usiweke usalama wako hatarini kwa kutafuta ushahidi. Andika unachokijua: mahali, waliohusika, ulichokiona kwa macho yako. Lakini kabla ya hayo yote, andika tarehe.