Konekisheni, madalali na kanzidata

Barua za safari hii zinahusu ajira kwenye taasisi za Serikali za ujenzi na barabara: TANROADS, TARURA, Baraza la Taifa la Ujenzi. Mtaalamu wa ajira za umma amechagua zilizomkera zaidi.

Dalali anataka laki tatu ili "aipitishe" barua ya maombi. Apewe?

Asipewe hata senti. Kuomba kupitia Ajira Portal ni bure. Apelekwe TAKUKURU.

Barua nne, lalamiko moja: mwenzao hakuonekana kwenye usaili wa TARURA, leo yuko kazini huko. Si konekisheni hiyo?

Mara nyingi ni kanzidata, na uvumi huu umewavunja moyo vijana hadi wakaacha kuomba. Tuseme TANROADS inataka wahandisi watano, usaili wakafaulu kumi na wawili. Watano wa juu wanapangiwa kazi. Saba waliobaki hawajafeli. Majina yao yanatunzwa kwenye kanzidata ya Sekretarieti ya Ajira. Baadaye TARURA ikipata kibali cha kuajiri wenye sifa zilezile, Sekretarieti inaweza kuwachukua humo bila tangazo jipya wala usaili mwingine. Mtaani watu wanaona mtu kaitwa ghafla, wanasema kabebwa. Kumbe mtihani alishaufanya, tena akaufaulu, ila kwa tangazo la taasisi nyingine. Kwa hiyo aliyefaulu akakosa nafasi asibadili namba ya simu ovyo, wala asiache kusoma matangazo ya kuitwa kazini. Jina halikai humo milele.

Cheti kinasema Mwajuma, kitambulisho cha NIDA kinasema Mwanajuma. Ni herufi mbili tu.

Herufi mbili hizo zinamzuia mtu mlangoni siku ya usaili. Mwaka 2017 watumishi 9,932 waliondolewa kazini kwa vyeti vya kughushi. Tangu hapo tofauti ya jina haichukuliwi kama jambo dogo. Arekebishe mapema, kwa hati ya kisheria.

Watendaji wakuu nao huomba kazi?

Wa TANROADS na TARURA huteuliwa na Rais. Linalomsumbua mtaalamu ni ukaimu wa nafasi hizo unaovuka miezi sita ya kanuni. Mkataba wa barabara huchukua miaka, na kaimu asiyejua kesho yake husita kumfukuza mkandarasi mzembe.

Shahada ya uhandisi ipo, usajili wa bodi ya wahandisi (ERB) bado. Aombe?

Asajiliwe kwanza kama mhandisi mhitimu. Matangazo mengi yanadai hivyo, na usajili haufanyiki usiku wa kuamkia siku ya mwisho ya maombi.