Damu kwenye choo: utumbo mpana unapovimba

Kilangali, wilayani Kilosa, ni nchi ya mpunga. Maji yanayolisha majaruba ndiyo hayo hayo watu wanayosimama ndani yake tangu asubuhi. Nimejibu maswali haya nikiwa nao hao akilini.

Daktari, shikamoo. Wiki ya pili hii naharisha damu na kamasi. Jirani anasema ni bawasiri.

Marahaba. Bawasiri hutoa damu nyekundu mwishoni mwa choo, lakini haiharishi. Damu iliyochanganyika na kamasi, tumbo kusokota, homa, na kubanwa na haja kila mara lakini ukienda hutoi kitu: hizo ni dalili za utumbo mpana uliovimba. Kazi kubwa ya utumbo huo ni kufyonza maji. Ukuta wake ukichubuka, maji yanapita tu, na damu inavuja.

Unavimbishwa na nini?

Huku kwetu naanza na maambukizi. Shigela, bakteria aliyegunduliwa na Mjapani Kiyoshi Shiga mwaka 1897, huja ghafla na homa. Vijidudu 10 hadi 100 vinatosha kumwangusha mtu, ndiyo maana nyumba nzima huweza kuugua kwa mpigo. Amiba huja polepole, na huweza kufika kwenye ini na kufanya jipu.

Ila kwa mkulima wa mpunga siachi kuulizia kichocho cha tumbo. Wengi wanakijua kile cha mkojo tu. Hiki vimelea vyake hutoka kwa konokono wa majini, hupenya ngozi ya miguu, na minyoo ikikomaa hukaa kwenye mishipa ya damu ya utumbo. Mayai yanayonasa kwenye ukuta ndiyo yanayouvimbisha. Mengine husombwa na damu hadi kwenye ini, na baada ya miaka mgonjwa huweza kutapika damu, wakati yeye alishasahau kwamba aliwahi kuharisha.

Nimenunua flajili dukani. Haitoshi?

Itasaidia kama ni amiba. Shigela haiguswi nayo, na kichocho kinataka prazikwanteli. Nakusihi upime choo kwanza. Amiba huonekana vizuri choo kikiwa bado cha moto, kwa hiyo kitolee pale pale kwenye maabara. Mayai ya kichocho hayatoki kwa wingi kila siku. Kipimo kimoja kikiwa safi, rudi siku nyingine. Na dawa za kufunga choo usizinywe kama kuna damu: utumbo uliovimba unaweza kulegea, ukatanuka, ukatoboka.

Nasikia kuna aina isiyoletwa na vijidudu.

Ipo. Kinga ya mwili huugeukia utumbo wenyewe na kuujaza vidonda. Samuel Wilks wa London aliuandika ugonjwa huu mwaka 1859. Huibuka na kupoa kwa miaka, na ukishaenea na kupita miaka minane hivi, hatari ya saratani huongezeka, hivyo mgonjwa huchunguzwa mara kwa mara. Kuuthibitisha kunataka kamera ya utumbo, kipimo cha hospitali kubwa kama Muhimbili.

Sasa sikiliza hili: ugonjwa huo hutibiwa kwa dawa za kutuliza kinga, kama steroidi. Mwenye amiba akipewa dawa hizo kwa kukisia, anaweza kufa. Dalili zinafanana mno, na mimi simwandikii mtu steroidi kabla ya kuhakikisha hana amiba.

Mwanangu wa miaka mitatu ameanza jana. Nisubiri?

Usisubiri, mpeleke leo. Njiani mnyweshe maji ya ORS, pakiti iliyochanganywa kwa kipimo kilichoandikwa juu yake, kidogo kidogo hata akitapika. Chakula usimkatishe. Zahanati watampa zinki, miligramu 20 kwa siku, siku 10 hadi 14. Macho yakiingia ndani, mkojo ukikatika, tumbo likiwa gumu, au akipata degedege, hata kama ni usiku wa manane, mkimbize hospitali: shigela huweza kuharibu figo za mtoto.