Kitabu Kimoja cha Mapishi cha Kukaa Nacho Maishani: Uteuzi kwa Jicho la Wema, Tana River

Ikisiri

Makala haya yanajadili swali linaloonekana dogo: mtu akitakiwa kuchagua kitabu kimoja tu cha mapishi cha kukaa nacho maisha yake yote, achague kipi, na kwa vigezo gani? Swali linachunguzwa kwa kuzingatia mazingira ya kijiji cha Wema, karibu na Garsen, katika Kaunti ya Tana River nchini Kenya. Hoja kuu ni kwamba kitabu kinachofaa kwa umri mzima si kile chenye mapishi mengi, bali kile kinachokitaja chakula kwa jina lake na kueleza sababu ya kila hatua. Aidha, makala yanaonyesha kwamba kazi ya kukiandika kitabu kama hicho kwa Kiswahili bado inawasubiri wanafunzi na wataalamu wa lugha hii.

1.0 Utangulizi

Wapenzi wa mapishi huulizana swali hili kama burudani. Wema, swali hilo si la mchezo. Kijiji kimo katika uwanda wa mafuriko wa Mto Tana, na mto huo huwahamisha watu. Mvua za El Niño za 1997 na 1998, mafuriko ya 2018 na yale ya mwishoni mwa 2023 yaliwang'oa wakazi wengi wa delta makwao. Anayehama kwa mtumbwi hachukui kabati la vitabu. Huchukua watoto, sufuria, godoro na bahasha ya vyeti. Kitabu kikipata nafasi katika mzigo huo, hakika ni kimoja.

Baada ya mafuriko ya 2018, mwandishi wa makala haya alimkuta mama yake akianika juani daftari lake la mapishi. Lilikuwa limeandikwa kwa kalamu ya wino, na karibu kila ukurasa ulikuwa umegeuka doa la buluu. Kilichosomeka ni maneno machache aliyokuwa ameyaongeza pembeni kwa penseli: kwamba mchele mpya upunguziwe maji, na kwamba tui zito litiwe mwisho. Mama hakulia. Alisema kwamba hayo yaliyobaki yanatosha, mengine atayakumbuka. Kauli hiyo ndiyo iliyozaa makala haya.

2.0 Chakula cha Wema na mabadiliko yake

Wakazi wa Wema kwa wingi ni Wapokomo, wakulima na wavuvi wa kingo za Tana. Lugha yao, Kipokomo, imo katika kundi la Sabaki pamoja na Kiswahili, lugha za Mijikenda na za Ngazija na visiwa jirani. Chakula chao ni mpunga, ndizi, mahindi, maembe na samaki wa mtoni na maziwani. Majirani zao, Waorma na Wawardei, ni wafugaji, na kwa muda mrefu maziwa na nafaka vimebadilishana mikono kati ya jamii hizi. Mapigano ya 2012 hadi mwanzoni mwa 2013, yaliyoua zaidi ya watu 100 katika delta, yaliwaumiza wote, na sokoni pia yaliacha pengo.

Chakula hicho hakikai mahali pamoja. Mpunga wa asili ulitegemea mafuriko ya misimu: maji yakipanda na kushuka, yaliacha udongo wenye rutuba. Mabwawa yaliyojengwa juu ya mto, kama vile Masinga lililokamilika 1981 na Kiambere la 1988, yalibadili mwenendo wa maji hayo. Mradi wa umwagiliaji wa mpunga wa TARDA katika delta nao uliharibiwa na mafuriko ya El Niño. Kwa hiyo mpishi wa Wema huishi kati ya hali mbili: mwaka wa maji mengi mno na mwaka wa maji machache mno. Mwaka huu ana mchele wa shambani. Mwaka ujao ana unga wa msaada. Leo nazi imefika kutoka pwani. Kesho barabara imekatika. Kitabu cha maisha kwa mpishi huyu lazima kimsaidie hasa siku ile kilichoandikwa hakipo.

3.0 Vigezo vya uteuzi

3.1 Jina

Kigezo cha kwanza ni iwapo kitabu kinakiita kitu kwa jina ambalo mpishi analo. Kiswahili kina hazina kubwa hapa. Lugha nyingine huweza kutumia neno moja la kupika kwa maji, ilhali Kiswahili hutofautisha: maji na chai *huchemshwa*, mihogo na viazi *hutokoswa*, ndizi *hupwazwa* kwa maji machache hadi yakauke. Samaki *hubanikwa* juu ya moto, *hukaangwa* kwa mafuta au *huungwa* kwa tui. Wali *hupaliwa* kwa makaa juu ya kifuniko. Kila kitenzi kimebeba kiasi cha maji, ukali wa moto na chombo. Kitabu kinachosema "pika" mahali pote kimemnyang'anya msomaji nusu ya maarifa.

3.2 Kipimo

Kigezo cha pili ni kipimo. Waswahili walikuwa na mpangilio wao: vibaba 2 hufanya kisaga 1, na visaga 2 hufanya pishi 1. Siku hizi dukani kuna kilo na gorogoro, na jikoni kuna kikombe na mkebe. Kitabu kinachodai mizani ya gramu katika nyumba isiyo na mizani kinaomba kisichowezekana. Hata hivyo, kipimo peke yake hakitoshi. Chukua mfano wa wali. Mapishi mengi huagiza vikombe 2 vya maji kwa kikombe 1 cha mchele. Agizo hilo hufaa mchele uliokaa ghalani. Mchele uliotoka kuvunwa bado una unyevu, hivyo hunywa maji kidogo zaidi. Ukiupimia sawasawa na ule wa zamani, unapata ubwabwa. Mpishi ametii kitabu, na wali umeharibika.

3.3 Sababu

Mfano huo unatuleta kwenye kigezo cha tatu, ambacho ndicho kikuu: je, kitabu kinaeleza sababu? Tulinganishe maelekezo mawili ya ndizi za nazi.

*Maelekezo ya kwanza:* Menya ndizi. Chemsha kwa tui jepesi. Tia tui zito. Koroga. Epua.

*Maelekezo ya pili:* Menya ndizi mbichi, uziloweke majini ili zisiwe nyeusi. Zipike kwa tui jepesi mpaka zilainike, kwa kuwa tui hilo lina maji mengi na hustahimili moto. Tui zito litie mwisho, moto ukiwa mdogo, huku ukikoroga. Likichemka kwa nguvu hukatika, mafuta yakajitenga. Ukiwa na ndimu au ukwaju, tia baada ya kuepua.

Kisarufi, maelekezo ya kwanza yamejengwa kwa hali ya amri pekee. Ya pili yanatumia *ili*, *kwa kuwa* na kiambishi *-ki-* cha masharti. Tofauti hiyo si ya mtindo tu. Anayepata maelekezo ya kwanza anaweza kupika ndizi za nazi. Anayepata ya pili anaweza kupika hata nazi ikikosekana. Akiletewa maziwa na jirani mfugaji, anajua kuyatia mwisho kwa moto mdogo, na kuyaepusha na ndimu, maana maziwa nayo hukatika. Amri hufaa kwa chakula kimoja, lakini sababu humfuata mpishi katika kila chungu.

Isitoshe, kuna vyakula ambavyo sababu yake ni uhai. Majani ya muhogo hutwangwa na kuchemshwa sana kwa sababu yana sumu inayoondoka kwa njia hiyo. Asiyeijua sababu anaweza kufupisha hatua kwa haraka zake, hasa wakati wa njaa, na wakati huo ndio watu hula muhogo kwa wingi.

4.0 Vitabu vinavyowania nafasi

Kwa kutumia vigezo hivyo, tuvipime vitabu vinne ambavyo mtu wa Kenya au wa pwani angeweza kuvifikiria.

Cha kwanza ni *The Kenya Settlers' Cookery Book and Household Guide*, kilichotolewa Nairobi mwaka 1928 na chama cha wanawake wa Kanisa la St Andrew's. Kama jina linavyoonyesha, kiliandikiwa walowezi. Kina thamani kwa mwanahistoria, lakini mpishi wa Wema hamo ndani yake.

Cha pili ni *A Taste of Zanzibar* cha Zarina Jafferji, kilichotoka mapema miaka ya 2000. Hiki kinamkaribisha msomaji katika chakula cha pwani, ulimwengu wa nazi na viungo ambao mtu wa delta anautambua. Hata hivyo, ni chakula cha kisiwa chenye bandari. Mto, tope na mpunga wa mafuriko si dunia yake.

Cha tatu ni *Kenya Food Recipes* cha 2018, kilichotolewa na serikali ya Kenya pamoja na shirika la FAO. Kinakusanya vyakula vinavyopikwa na jamii mbalimbali nchini, na kwa kila chakula kinaonyesha virutubishi vyake. Kwa muuguzi au mwalimu, hiki ni chombo bora. Udhaifu wake kwa swali letu ni kwamba kimelenga kipimo kuliko sababu.

Cha nne ni *Traditional Food Plants of Kenya* cha Patrick Maundu, Grace Ngugi na Christine Kabuye, kilichotolewa na Makumbusho ya Taifa ya Kenya mwaka 1999. Kwa hakika hiki si kitabu cha mapishi. Ni kitabu cha mimea inayoliwa: jina la mmea katika lugha mbalimbali za Kenya, mahali unapoota, sehemu inayoliwa na namna inavyoandaliwa.

5.0 Uteuzi na pingamizi zake

Makala haya yanakichagua kitabu cha nne. Vitabu vingine vinajibu swali "nipikeje?". Hiki kinajibu swali linalotangulia: "ni nini kinacholika hapa, kinaitwaje, na huandaliwaje ili kilike?" Wema, namna ya kupika wali hufundishwa na mama, shangazi na bibi kila siku, wala haihitaji karatasi. Kinachopotea ni yale yasiyopikwa kila siku: mboga za porini, matunda ya msituni, vyakula vya mwaka wa njaa. Maarifa hayo yakikaa vizazi viwili bila kutumiwa, hufa pamoja na majina yake. Na jina likifa, mtoto hupita juu ya chakula akidhani ni magugu.

Pingamizi la kwanza ni kwamba hiki si kitabu cha mapishi. Ni kweli, lakini anayekaa nacho miaka 40 atahitaji msingi zaidi ya orodha. Hata UNESCO, ilipouingiza mwaka 2021 mpango wa Kenya wa kuhifadhi vyakula vya asili katika orodha yake ya mifano bora ya kuhifadhi urithi, ilitambua kazi iliyoanza kwa kuviorodhesha vyakula pamoja na wanajamii wenyewe.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kitabu kimeandikwa kwa Kiingereza. Mama wa Wema anayewajua mimea hiyo kwa macho na kwa mikono hawezi kukisoma, na mwanawe anayeweza kukisoma haijui mimea. Hapo ndipo wajibu wetu ulipo. Mwana Kupona binti Mshamu, alipomtungia bintiye utenzi wa mawaidha mnamo 1858, alitumia lugha ambayo binti angeielewa na kuihifadhi moyoni. Maarifa ya jikoni yanastahili heshima hiyohiyo. Mwanafunzi wa Kiswahili anayetafuta mada ya tasnifu hana haja ya kwenda mbali: aketi karibu na mafiga ya nyumbani kwao, aandike vitenzi, majina na sababu.

6.0 Hitimisho

Tumeona kwamba kitabu cha kukaa nacho maishani hupimwa kwa jina, kipimo na sababu, na kwamba sababu ndiyo inayobaki viungo vinapobadilika. Tumechagua kitabu chenye upungufu wa lugha kwa kuwa upungufu huo unazibika. Pendekezo letu ni la vitendo: anayekipata akisome pamoja na wazee wake, na pembeni mwa kila ukurasa aandike kwa Kiswahili na kwa Kipokomo yale wanayomwambia. Aandike kwa penseli. Wino huyeyuka majini, penseli haiyeyuki. Na Wema, maji yatarudi.

Maswali ya kujadili

1. Chagua chakula kimoja cha nyumbani kwenu. Kiandike kwa hali ya amri pekee, kisha ukiandike upya kwa kutumia *ili*, *kwa kuwa* na *-ki-*. Ni maarifa gani yameongezeka?
2. Kusanya vitenzi kumi vya kupika katika lahaja au lugha yenu. Vipi havina kisawe katika Kiswahili Sanifu?
3. Je, ni sahihi kukiita kitabu cha mimea "kitabu cha mapishi"? Tetea msimamo wako.